Mume Wangu Hakuwa na Hawara

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya rafu ya mashuka, mapumziko ya mchana, mikono bado inanuka wanga, na ninaomba unisaidie kwa jambo ambalo nimemwambia binti yangu akacheka, nikamwambia mwenzangu wa pasi ya pili akasema niachane na mambo ya simu, na mama mkwe wangu, ambaye kwa kawaida ndiye ningemwambia kabla ya wote, huyo siwezi kumwambia kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mwanawe.

Mimi ni dobi. Napiga pasi nguo za watu mwaka wa ishirini na mbili sasa, shule sikufika mbali lakini kusoma na kuandika najua, na mwandiko wangu wa mkono watu huusifia. Mume wangu alikuwa fundi lifti. Alifariki miezi kumi na minne iliyopita, saa nne asubuhi, amekaa juu ya sanduku lake la vifaa kwenye ukumbi wa chini wa jengo fulani akisubiri umeme urudi, na umeme uliporudi wakamwita, hakuitika. Daktari alisema ni moyo. Mimi sikubishana naye.

Baada ya mazishi nikawa na tabia ya kumpigia simu binti yetu, ambaye ni muuguzi na anaishi mji mwingine, nikimkumbusha vitu vidogovidogo vya baba yake, kwamba alikuwa akivaa kiatu cha kushoto, anakunywa chai yote, ndipo anavaa cha kulia, na nilipomwuliza sababu alisema akivaa vyote viwili mara moja anakuwa ameshaondoka, au kwamba alikuwa akijigonga kwenye meza anaiambia meza pole, si kwa utani, anaiambia tu, pole, halafu anaendelea na safari yake ya jikoni, au kwamba friji yetu ikilia vibaya alikuwa anaweka sikio ubavuni mwake kama daktari, anafumba macho, anasema, "Huyu ana kifua." Binti akanisikiliza wiki, akanisikiliza mwezi, mwisho akaniambia, "Mama, kila siku unanisimulia yale yale. Yaandike. Ukiyaandika hutaogopa kuyasahau." Akaniingiza kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaoandika, wapo kama thelathini, hatujuani sura, kila mtu na jina lake la kujipachika. Mimi nikajiita Dobi.

Sasa nikueleze utaratibu wao, maana tatizo langu lilianzia hapo. Andiko likitumwa wanasema limewekwa mezani, na linakaa mezani siku tatu. Kwa siku hizo tatu kila mtu anatoa maoni, na mwenye andiko haruhusiwi kujitetea, haruhusiwi kueleza, anaruhusiwa kujibu neno moja tu, "Nimepokea." Tena kabla ya kuliweka mezani ni lazima uandike juu yake kama ni la kweli au ni la kubuni. La kweli wanarekebisha lugha tu, watu waliomo na matendo yao hawawagusi. La kubuni wanagusa chochote. Lakini anayetaka kuleta la kweli anatakiwa kwanza atume ujumbe wa sauti ajieleze yeye ni nani na anamwandika nani, na mimi, mshauri, tangu msiba sauti yangu ilikuwa ikikatika kila nikimtaja, nikifika kwenye "marehemu" koo linafunga, nilijaribu kurekodi mara tano nikafuta mara tano. Basi nikaandika "kubuni". Nilidhani nimejificha mimi, kumbe nimemsukuma yeye barabarani.

Andiko la kwanza lilikuwa la viatu na la meza. Yupo mmoja anaitwa Kalamu Nyekundu, huyo hamsamehi mtu, akaandika, "Kata viatu, havisogezi hadithi. Na huyu mume haaminiki, hakuna mwanamume anayeiambia meza pole." Mwingine akasema, "Mume huyu anachosha. Mfishe ukurasa wa kwanza tuendelee na mambo mengine." Mimi nikaandika Nimepokea. Wameniambia nimfishe mume wangu, nami nimejibu Nimepokea, nikaweka simu mfukoni nikaenda kunyoosha foronya za hoteli, na mwenzangu wa pasi ya pili akaniuliza mbona leo unazikandamiza hivyo, zimekukosea nini.

Nilirudi nikatuma la pili, la friji. Nikatuma la tatu. Usinione mjinga, nitakwambia kwa nini sikuondoka. Mama mkwe wangu anaishi nami, macho yake yamefifia sana lakini masikio yake ni mazima, na kila jioni nikitoka kazini, kabla sijavua hata viatu, alikuwa ananiuliza, "Umeandika nini leo?" namsomea. Anacheka, ananisahihisha. Nilipomsomea la meza akaniambia, "Hapana, mwanangu, hakuanzia kwenye meza. Alianzia kwenye mlango, alikuwa na miaka minne, aliusukuma kwa hasira ukarudi ukampiga, akalia, halafu akaenda akaushika akauambia pole. Nikamwuliza mlango umeumia wapi, akanionyesha bawaba." Hilo nisingelijua kama nisingeandika, mshauri. Nimeishi na mtu miaka ishirini na sita na bawaba nimeipata baada ya kumzika. Ndiyo maana sikuondoka.

Lakini maoni yakawa yale yale. Msimamizi wa kundi, ambaye ni mwalimu mstaafu na anaandika kwa upole sana, akaniambia una jicho zuri, Dobi, ila mumeo wa kubuni hana kasoro, na mtu asiye na kasoro hana hadithi. Akasema, "Mpe hawara." Hapo kundi zima likachangamka, mmoja akasema fundi lifti anaingia majengo ya watu kutwa, lazima ana mtu ghorofa ya tisa, mwingine akasema huyo wa ghorofa ya tisa anaiharibu lifti makusudi ili fundi aitwe, na vile vikaragosi vya njano vinavyocheka mpaka machozi vikamiminika, na mimi, nakwambia ukweli kwa kuwa hunioni, mimi nilicheka. Nilikuwa sijacheka na watu wengi kwa pamoja tangu msiba. Nikacheka, nikachukua kalamu, nikaandika.

Nikamwandikia mume wangu hawara wa ghorofa ya tisa. Nilimaliza kwa mapumziko mawili tu ya mchana, wakati lile la viatu lilinichukua wiki tatu. Nikampa yule mwanamke kucha nzuri na kikombe chake maalumu cha kumnywesha fundi chai, nikaandika mke anavyonusa kola ya shati wakati wa kupiga pasi na kujua. Ni andiko zuri. Sijivuni, mashuka nayajua na andiko hilo limenyooka. Vidole gumba ishirini na saba. Kalamu Nyekundu akaandika, "Sasa tunaongea." Nilifurahi siku nzima, nilifurahi hadi nilipofika nyumbani na mama mkwe akasema, "Umeandika nini leo?" nikamwambia, "Bado halijaiva, mama." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake tangu niolewe.

Wiki mbili zilizopita msimamizi akatangaza kwamba kundi linatoa kitabu cha mtandaoni, na la ghorofa ya tisa limechaguliwa liwe la kwanza kabisa, na Jumapili hii inayokuja kutakuwa na kusanyiko mtandaoni ambapo kila aliyechaguliwa atasoma kwa sauti yake na familia zinakaribishwa. Binti yangu akampigia bibi yake kabla hajanipigia mimi. "Bibi, mama atasoma hadithi ya baba." Mama mkwe ameshachagua nguo. Nikamwambia mama, hakuna atakayekuona, ni sauti tu. Akanijibu, "Mimi nitajiona."

Nikamwandikia msimamizi faraghani nikamwomba aliondoe andiko langu. Akanijibu kwa upole wake ule ule, "Dobi, andiko likishapita mezani ni la meza. Watu wamelishughulikia. Kurasa zimeshapangwa. Hofu ya kusoma ni kawaida, itapita." Nikamwambia si hofu. Akanitumia kidole gumba. Binti naye nikamweleza kilichomo, akacheka, akasema, "Mama, ni hadithi tu. Baba angecheka." Nikamwambia ndiyo, angecheka, halafu angeuliza mama yake amesikia au hajasikia. Binti akasema, "Baba ameshakufa, mama, haumii. Wewe ndiye uliye hai." Nikamwambia bibi yako pia yuko hai. Akasema zamu yake wodini imeanza.

Kwa hiyo nataka ujue kwamba mimi nimeshaamua. Sitasoma. Wanifukuze, waniandike vibaya, wanitoe kwenye kitabu chao, mimi sikuzaliwa na kundi. Mume wangu hakuwa na hawara. Alikuwa na mke mmoja na majokofu ya majirani wote wa mtaa, ambayo alikwenda kuyasikiliza bila kuitwa. Sitakaa mbele ya simu nimsingizie mtu ambaye hawezi kuandika hata Nimepokea.

Ila kuna kitu kinanikera ndani ya uamuzi wangu, nacho ni hiki. Kwenye maoni ya lile andiko la tatu, kabla ya mambo ya hawara, yupo mwanakundi mmoja asiyesema sana, wanamwita Jongoo kwa sababu anasoma taratibu na huwa wa mwisho, aliandika mstari mmoja tu: "Naona kama mwandishi anaficha kitu, na si kosa la mume." Wengine walipita. Mimi nilikaa nao. Asubuhi ile aliyofariki tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amefuta grisi kwa kitambaa changu cheupe cha kupigia pasi, kile cha kazini, nikamkasirikia, nikamwambia shati lako leo utajipigia pasi mwenyewe. Hakujua kupiga pasi. Akalivaa hivyo hivyo, limejikunja mgongoni kama karatasi iliyofinyangwa, akavaa kiatu cha kushoto, akanywa chai, akavaa cha kulia, akaniaga, nikamwitikia bila kugeuka. Mke wa dobi... namaanisha mume wa dobi, mshauri, amekwenda kufa na shati lisilopigwa pasi. Hospitali walinirudishia kwenye mfuko. Lipo kabatini vile vile, sijalifua, sijalinyoosha. Hilo sijamwandikia mtu hadi leo. Mama mkwe hajui, binti hajui.

Sasa niambie. Nijitoe kimyakimya nibadilishe namba ya simu? Mama mkwe nimwambieje kuhusu Jumapili? Niseme mtandao umekatika? Niambie lolote, ila usiniambie nilisome, kwa sababu hilo sitakusikiliza.

Ni mimi,
Dobi wa pasi ya tatu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Dobi. Nimekuzidi umri, kwa hiyo vuta kiti nikuseme.

Kwanza pole. Pole kwa mume, na pole kwa miezi hii ambayo umekuwa ukisimulia kila siku kwa mtu aliye zamu. Nimesoma barua yako mara mbili, na huyo fundi wako nimempenda. Huyo Kalamu Nyekundu anayesema mtu wa namna hiyo hayupo, ningemshauri atembelee nyumba nyingi zaidi.

Lakini usinijie hapa umejifunga kitambaa cha mtu aliyeonewa. Kundi halikukuonea. Uliandika "kubuni" kwa mkono wako. Uliwapa watu mgeni, wakamshika kama mgeni, wakamvua, wakamgeuza, wakasema anachosha. Walipokuambia mfishe, hawakujua kuna kaburi. Ungetaka wajueje? Miezi yote hiyo hukuwaambia, hata ulipomwandikia msimamizi faraghani hukumwambia. Ulimwambia "si hofu" ukaishia hapo, naye akabaki anakisia. Mtu wa watu amekutumia kidole gumba kwa sababu ndicho ulichomwachia. Kwa hiyo hasira uliyonayo juu yao igawe katikati, nusu ibaki nyumbani.

Sasa nusu nyingine. Huyo mwalimu mstaafu, pamoja na upole wake, amekosea, na usimkubalie hata kidogo. Kusema andiko likipita mezani ni la meza ni maneno ya kujisikia vizuri tu. Watu walitoa maoni, na maoni ni maoni. Aliyekaa nyuma ya mashuka akaandika ni wewe, na usipotaka litoke, halitoki. Wakikuambia kurasa zimepangwa, waambie zipangwe upya. Kurasa za simu si matofali.

Kujitoa kimyakimya sahau. Na kubadilisha namba ya simu kwa ajili ya kundi la watu wanaoandika hadithi ni kujipa adhabu ya mtu aliyeiba. Utaandika ujumbe, na hutauandika faraghani, utauweka kundini ambako wote wataona. Mistari minne inatosha: kwamba maandiko yako yote ni ya mume wako aliyefariki, kwamba uliandika "kubuni" kwa sababu ulishindwa kurekodi sauti, na kwa hilo unaomba radhi, kwamba la ghorofa ya tisa ni uongo uliomzushia, unaliondoa na hutalisoma, kwamba unawashukuru kwa kukusoma. Radhi moja, usirudie. Usieleze alivyokuwa mtu mzuri, usiwaambie walivyokuumiza. Ukishatuma, rudi kwenye pasi, simu ikae mfukoni hadi kazi iishe. Nakuhakikishia wengine watanyamaza kwa aibu, mmoja atakasirika, na mmoja au wawili watakuandikia pembeni kukuambia na wao wana mtu wao waliyemwita wa kubuni. Hao wasikilize.

Sasa tuje kwenye shati, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu umelileta mwishoni kabisa, kama mgonjwa anayetaja maumivu ya kifua akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari.

Huyo Jongoo ni msomaji wa kweli, mshike. Wenzake nao walihisi vile vile, ila hawakutulia. Waliona katika maandiko yako kuna mahali patupu, na watu wakiona mahali patupu katika ndoa huwa wanaweka hawara, ndicho kitu cha karibu. Nawe ukakubali kumweka. Unajua kwa nini lilikuchukua mapumziko mawili tu? Kwa sababu ilikuwa nafuu kwako yeye awe na kosa kubwa la uongo kuliko wewe uwe na kosa dogo la kweli. Umemwekea mwanamke mzima, na kucha zake, na kikombe chake, ili usiandike kwamba asubuhi moja ulinuna juu ya kitambaa. Hilo ndilo la kukuuma. Vidole gumba si kitu.

Na hebu tulitazame hilo kosa. Umegombana na mume juu ya grisi. Katika miaka ishirini na sita, kama mligombana kwa kitambaa peke yake, nakupigia makofi. Mimi na wangu tulishawahi kutosemezana siku tatu kwa sababu ya mfuniko wa sufuria, na kama angekufa siku ya pili ningekuwa nakaa na mfuniko huo hadi leo. Mke akimkasirikia mume asubuhi anategemea kuna jioni. Ulinuna kwa kuwa uliamini atarudi. Hakuna namna nyingine ya kuishi na mtu. Huwezi kumuaga kila siku kama anakwenda kufa, mngechoka wote wawili. Moyo wake haukusimama kwa mikunjo ya shati, na hakuna aliyemwona pale ukumbini akasema, tazama, mkewe hampendi. Shati likae kabatini au lifuliwe, utajua mwenyewe, mimi sikuwekei sheria kwa nguo yako.

Ninachokuwekea sheria ni hiki: liandike. Asubuhi ile yote, kitambaa, maneno uliyosema, na jinsi ulivyomwitikia bila kugeuka. Usimsafishe yeye na usijipake matope wewe. Safari hii juu yake andika "kweli", na utume sauti wanayoitaka. Koo litafunga. Lifunge. Vuta pumzi, endelea kutoka hapo hapo lilipofungia, usifute urekodi mara ya sita. Watu thelathini hawatakufa kwa kusikia mjane akikatika sauti.

Kabla ya kundi, lakini, kuna mtu wa kusikia kwanza. Habari za mtandao kukatika nisizisikie. Mwanamke uliyekuwa hujamdanganya tangu uolewe usianze kumzoesha sasa. Jioni ya leo ukifika, vua viatu, kaa, umwambie mambo mawili. La kwanza, kwamba uliandika uongo juu ya mwanawe, watu wakausifu, umeufuta. Usimsomee, mwambie tu, kwa mdomo wako, kabla mjukuu hajachekelea mbele yake kwenye simu. Atanuna. Ana haki, mpe nafasi anune. La pili ni shati. Hilo utamsomea ukishaliandika, na uwe tayari, maana mwanamke aliyekumbuka bawaba kwa miaka yote hiyo huenda naye ana asubuhi yake moja ambayo hajamwambia mtu.

Binti yako mwambie kwamba anayosema kuhusu walio hai ni kweli, na ndiyo sababu hutasoma. Asipoelewa leo, ataelewa atakapomaliza zamu.

Jumapili, wakikuachia nafasi yako, soma la shati. Wakimpa mtu mwingine, kaa usikilize ya wenzako hadi mwisho kama mtu mzima, toa maoni, na wiki inayofuata uliweke mezani siku tatu kama wote. Usiwakimbie. Wamekusoma kwa miezi, tena kwa makini, na ndugu zako wa damu hawajafanya hivyo. Ila wakikufukuza kwa sababu umesema mume wako alikuwa mtu, toka, chukua maandiko yako yote ya viatu na friji, wala usiwaombe.

Ujumbe wa kundini uende leo hii, kwenye mapumziko ya mchana. Na wakikubembeleza, wakisema mbona unaogopa kumgusa mhusika wako, waambie mhusika huyu ana mama, yuko hai, ana masikio mazima, na Jumapili atakuwepo.